Mtoto wa Kwenye Pakiti

"Nilimpa chakula, afande. Asubuhi, mchana na jioni. Nilimpa uji wa lishe."

Tangu Tereza aletwe kituoni Mbinga, Inspekta Kunigunda Ndunguru alikuwa amemuuliza swali lilelile kwa kila namna aliyoijua, na jibu lilitoka vilevile, halipungui neno wala haliongezeki. Hilo lilimsumbua. Waongo aliwazoea, na mwongo ukimrudia mara ya pili hunogesha: anamwingiza jirani, anaongeza machozi, anaapa kwa Mungu na kwa marehemu wote wa ukoo. Huyu mama kijana wa Lipingo alirudia maneno yake huku akitazama sakafu, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi, na kwa ufupi wake kilitisha. Mwanawe Florian, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alipandishwa kutoka kijijini kwao kando ya ziwa akiwa amevimba, akafia katika hospitali ya misheni huko milimani. Walipomaliza kuzika, mama mkwe, Bibi Hildegardi, alifunga safari mwenyewe mpaka polisi. Alisema mkwewe alimuua mjukuu wake kwa njaa. Chanja ya usipa, dagaa wa ziwani, ilikuwa imejaa uani, alisema, na samaki wote waliuzwa, mtoto hakuonja hata kichwa. Kijiji kizima kilisema ndivyo ilivyokuwa. Mkuu wa Kunigunda naye aliona jalada limekamilika, akampa mpaka Ijumaa amtafutie sababu ya kutolipeleka mahakamani. Isipopatikana, Tereza alikuwa anakwenda jela kwa kumuua mtoto wake mwenyewe.

"Usipa uliuza?" Kunigunda aliuliza.

"Niliuza."

"Wote?"

"Wote, afande."

"Mtoto ana njaa, wewe unauza samaki?"

"Hakuwa na njaa. Alikuwa anashiba. Lishe ilishakuwa na usipa ndani. Imeandikwa kwenye pakiti. Usipa, maziwa, soya, karanga. Sasa mimi niweke usipa juu ya usipa wa nini? Nikaona bora niuze wa kwangu, nimnunulie ule uliotengenezwa na wataalamu."

"Na kuvimba hukukuona?"

Kwa mara ya kwanza mwanamke yule aliinua uso.

"Niliona ananenepa. Mashavu yalijaa, miguu ikajaa. Akawa kama yule mtoto wa kwenye pakiti. Nilifurahi, afande. Niliwaita majirani waje wamwone."

Koplo Salumu, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, aligeuka akatazama nje. Kunigunda alifunga jalada. Alitamani mwanamke huyu awe mwongo, maana mwongo unamfanyia kazi yako ukalala usingizi.

*

Katika hospitali ya misheni, Daktari Tobias hakupoteza muda na salamu ndefu. Aliwaongoza wodini mpaka kwenye kitanda cha mtoto mwingine, akambonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, akahesabu kimya, akaondoa kidole. Shimo lilibaki pale pale, halikujaa. Mtoto hakulia wala hakuuvuta mguu. Alitazama tu ukutani kwa macho ya mtu mzima aliyechoshwa na dunia.

"Hiyo si nyama," alisema daktari. "Ni maji. Mwili ukikosa chakula cha kujenga, unajaa maji. Kwashakoo. Mtu asiyejua anaona mtoto amenawiri."

"Florian alikuwa hivi?"

"Zaidi ya hivi. Ngozi ilikuwa inabanduka. Nywele zimekuwa nyekundu, ukizivuta zinakuja."

"Hakuna sumu?"

"Sumu!" Daktari alicheka kidogo, bila furaha. "Kila mtu anataka iwe sumu. Hapana. Niliandika utapiamlo mkali, na sirudi nyuma. Ila kuna jambo moja silielewi. Angekuwa mtoto wa huku kwetu milimani, anayeshindia ugali na majani ya maboga, ningesema sawa. Huyu ni mtoto wa kando ya ziwa. Samaki wanaanikwa mlangoni kwao. Nilimuuliza mama yake alikuwa anamlisha nini, akanitajia chakula cha pakiti ambacho hata wangu nyumbani hawakipati. Mtoto akila chakula hicho kwelikweli hawezi kufa kifo hiki."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ama mama anadanganya, ama pakiti inadanganya. Kujua ni nani kati yao ni kazi yako, Inspekta. Ya kwangu mimi imenishinda tayari."

Aliyasema hayo akiwa anamfunika mtoto shuka. Walipoagana hakuwasindikiza.

*

Waliteremka kwenda ziwani asubuhi, wakaiacha lami, wakafuata barabara ya vumbi mpaka Lipingo. Vichanja vya usipa vilikuwa vimetandazwa ufukweni, vinang'aa kwa magamba, na harufu iliingia garini kabla hawajasimama. Duka lililouza lishe lilikuwa la Mzee Abdulkarimu, mfanyabiashara ambaye baba yake alihamia huko kutoka Kilwa. Salumu alitoa salamu ya Kiislamu, akakaribishwa benchi. Kunigunda hakuketi. Alikuwa ameshaziona pakiti zenyewe, za karatasi ya kaki yenye rangi ya manjano, zimepangwa rafu ya chini. Rafu ya juu yake ilikuwa na chupa za dawa ya kuulia wadudu wa nyanya.

Salumu naye aliona. Alimkonyeza Kunigunda.

"Mzee, dawa hizi ziliwahi kuvuja?" aliuliza.

Mzee Abdulkarimu aliweka kofia yake vizuri. Alikuwa anangoja swali hilo, na lilimuuma.

"Mwanangu, najua wanavyosema huko nje. Kwamba Mswahili wa dukani ameua mtoto wa Kinyasa. Mimi mwenyewe nakunywa uji huo. Mwezi mzima wa Ramadhani tulifuturu nao hapa ndani, mimi na wake zangu na wajukuu. Mbona tuko hai?"

"Mlifuturu na uji peke yake?" Kunigunda aliuliza.

"Peke yake? Hapana. Na tende, na muhogo wa nazi, na samaki, na maharage..."

Aliacha kusema. Kunigunda aliona wazo linaingia usoni mwake taratibu, na akamhurumia. Alichukua pakiti moja, akatoka nayo barazani penye mwanga.

Juu kulikuwa na picha ya mtoto mnono aliyecheka akionyesha meno mawili. Jina: Lishe ya Kibonge. Chini yake, kwa herufi kubwa nyekundu: LISHE KAMILI. SAMAKI, MAZIWA, SOYA, KARANGA. Pembeni palikuwa na muhuri wa duara wenye alama ya vema, umeandikwa UBORA ULIOTHIBITISHWA. Kunigunda aliuzungusha muhuri ule machoni, akitafuta ulithibitishwa na nani. Hapakuwa na jina la ofisi, wala namba ya kibali. Nyuma, kwa maandishi madogo ya kulazimisha mtu akunje uso, viambato viliorodheshwa, na usipa ukatajwa wa kwanza. Kisheria kinachotangulia kutajwa ndicho kilichozidi kwa uzito. Kwa maneno ya pakiti hii, Florian alikuwa anakunywa samaki zaidi kuliko mahindi.

"Salumu, leta hiyo nyingine, ile ya vumbi iliyo nyuma kabisa."

Aliziweka mbili bega kwa bega. Moja ilikuwa mpya, nyingine imekaa dukani mpaka rangi imepauka kwa jua.

"Unaona nini?"

"Naona zinafanana."

"Ndiyo. Nunua karanga za kukaanga mtaani, wakufungie kwenye gazeti. Ukifika nyumbani gazeti likoje?"

"Limelowa mafuta."

"Usipa nao una mafuta. Soya nayo. Maziwa nayo. Hii kaki imebeba vyote vinne, imekaa kwenye joto la ziwa miezi na miezi, na haina hata doa." Alichana kona ya ile ya zamani, akanusa. Alisikia harufu tamu ya mahindi yaliyokaangwa mpaka yakageuka kahawia. "Rangi wameipata kwenye kikaango. Mtu anaona unga umekolea, anasema hiyo ndiyo karanga."

Baada ya hapo hakuweza kujizuia. Alirudi ndani, akaanza kuinua kimoja kimoja. Juisi ya embe, ambayo kwa herufi za chini iliitwa kinywaji chenye ladha ya embe. Mafuta ya mtoto yenye picha ya mzinga na nyuki, na nyuma yake hapakuwa na asali popote, palikuwa na manukato. Losheni ya karoti isiyo na karoti. Sabuni ya mwarobaini ambayo kijani chake kilitajwa kwa namba. Salumu alichungulia kopo la mafuta ya nywele analotumia yeye mwenyewe, akalirudisha haraka.

"Mama," alisema Mzee Abdulkarimu kwa sauti ya kuomba, "ukisoma hivyo hutanunua kitu katika duka hili."

"Lishe unaletewa na nani?"

"Lori la Mama Devotha wa Mbinga. Linapandisha usipa, linashusha lishe. Hata huyo Tereza usipa wake ulikwenda na lori hilohilo."

Salumu alimtazama mkuu wake. Kunigunda naye alisimama na kopo mkononi. Kama kiwanda kilikuwa kinanunua usipa kwa lori, basi usipa ulikuwa unakwenda mahali, na mahali penyewe palikuwa pakiti hizi. Kukosekana kwa doa la mafuta hakukuwa ushahidi mbele ya lori zima.

*

Bibi Hildegardi aliwapokea uani, amekaa mkekani, kitambaa cha msiba kichwani. Nyuma yake ilikuwa chanja ya Tereza, tupu.

"Shikamoo, bibi. Pole na msiba."

"Marahaba. Mmekuja kumtetea?"

"Tumekuja kuuliza."

"Ulizeni. Mimi watoto wangu wote niliwalea kwa mchuzi wa usipa, nikiwatafunia mwenyewe. Nilimwambia, mwanangu, mtie samaki huyu mtoto. Akaniletea karatasi ile, akanisomea. Mimi sijui kusoma. Akaniambia samaki wamo humu, bibi, tena na maziwa. Ningebishana na maandishi?"

"Mtoto alipoanza kujaa mashavu, wewe ulisemaje?"

Bibi kizee alivuta kitambaa chake mpaka usoni. Upepo wa ziwa ulitikisa majani ya chanja.

"Bibi?"

"Nilimsifu," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo haikuwa ya mlalamikaji tena. "Nilimbeba nikamzungusha kijiji kizima. Nikasema mwoneni Kibonge wangu."

Kunigunda aliinama, akamimina kiganja cha unga wa pakiti juu ya ardhi. Kuku walikimbilia wakaanza kudonoa. Paka wa nyumbani aliyekuwa amelala chini ya chanja alikuja naye, akanusa, akapiga chafya, akarudi kulala palipokuwa pananuka samaki wa zamani.

"Paka hapandi kizimbani, afande," alinong'ona Salumu.

"Najua."

"Na lori lipo."

"Najua, Salumu. Twende."

*

Kiwanda cha Mama Devotha kilikuwa nyuma ya mji wa Mbinga, jengo la matofali ya kuchoma lenye picha ya Bikira Maria juu ya mlango. Walipofungua mlango wa gari tu harufu iliwakamata. Usipa. Paka watatu walikuwa wamejilaza kwenye ngazi kama wenye nyumba.

Salumu alishusha pumzi. "Basi. Samaki wapo. Mama yule ametuzungusha."

Kunigunda alibaki na mkono kwenye mlango wa gari. Akilini alimwona Tereza amesimama mbele ya hakimu akirudia maneno yake yaleyale bila kuongeza wala kupunguza, na hakimu akimwona mkaidi.

Mama Devotha alitoka kuwapokea, mwanamke wa makamo aliyevaa kitenge cha kina mama wa parokiani, unga umemtanda mikononi. Uso wake ulikuwa mwema. Alishika mkono wa Kunigunda kwa mikono yake miwili.

"Karibuni. Nimesikia habari za yule mtoto. Tumemwombea misa."

"Asante, mama. Usipa mnautumia?"

"Sana. Njooni mwone."

Stoo ilijaa magunia ya usipa mpaka darini. Kunigunda aliyatazama, halafu akatazama sakafu. Kulikuwa na njia ya magamba, mstari mwembamba unaong'aa, imedondoka kutoka stoo kwenda nje. Aliufuata. Uani mstari ulikata kushoto.

"Mashine ya lishe ipo upande gani?" aliuliza.

"Kulia. Lakini huko kushoto..."

Alikwenda kulia kwanza. Mashine ilikuwa imesimama. Alifuta kidole ndani ya mdomo wake wa kumiminia, akanusa, akampa Salumu anuse. Mahindi ya kukaanga na muhogo, basi. Kando palikuwa na mapipa mawili makubwa, moja la mahindi, moja la makopa ya muhogo. Pipa la tatu lilikuwa na lebo mpya za njano, na kutoka kila moja mtoto yuleyule alikuwa anacheka.

Kisha akaenda kushoto. Huko harufu ilimpiga usoni. Mashine ya pili ilikuwa inanguruma, wanawake wawili wanamimina usipa kwa ndoo, na ukutani yamesimama magunia ya karatasi yaliyoshonwa tayari, kila gunia limelowa mafuta kuanzia chini. Yalikuwa na lebo ndogo nyeupe, bila picha, bila muhuri. Kunigunda alisoma kwa sauti.

"Chakula cha kuku wa mayai. Pumba, usipa, mashudu ya alizeti, chokaa." Aligeuka. "Hii lebo ni ya kweli?"

"Ya kweli," alisema Mama Devotha.

"Na ile ya njano?"

Mama Devotha aliwapungia mkono wanawake wakazima mashine. Kimya kilipoingia aliketi juu ya gunia, taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu.

"Zamani tulikuwa tunatia. Usipa kidogo, karanga kidogo. Maziwa hatukuwahi. Usipa ukapanda, nikasema nipunguze mwezi huu tu. Lebo zilikuwa zimeshachapishwa nyingi, ningezitupa wapi? Mwezi ukapita, hakuna aliyesema neno. Nikapunguza tena."

"Mpaka ukafika wapi?"

"Mpaka ikabaki mahindi na muhogo. Havina ubaya, afande. Ni chakula. Sote tumekulia ugali. Mimi sumu sijatia."

"Hakuna aliyesema umetia. Kwa nini kuku unawatilia?"

Mama Devotha alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama aliyeulizwa kwa nini mvua inanyesha.

"Kuku asipopata samaki hatagi. Ukimpunja mfugaji, wiki haipiti yuko mlangoni na gunia lake, anataka arudishiwe. Wanajua, wale. Mwenye mtoto hajawahi kurudi."

Salumu alisema neno moja kwa Kingoni cha mama yake, neno ambalo hakuwahi kulisema mbele ya mkubwa. Kunigunda alisikia hasira ikipanda mpaka kwenye masikio. Alijilazimisha kuuliza maswali yaliyobaki, moja baada ya jingine, kwa sauti ya ofisini.

"Muhuri huu mlipewa na nani?"

"Mchapishaji. Alisema pakiti bila muhuri inaonekana iko uchi. Anayo ya aina nyingi, unachagua."

"Na huyu mtoto wa kwenye lebo ni nani?"

"Mjukuu wangu, Clemence. Yuko sekondari sasa."

"Alilelewa kwa unga huu?"

"Hapana," alisema Mama Devotha, na hapo ndipo alipoanza kulia. "Kabla ya unga huu. Alilelewa kwa maziwa ya ng'ombe wetu."

*

Mkuu wa Kunigunda alisikiliza mpaka mwisho, akizungusha kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona majalada mengi yakianza kwa moto na kuishia majivu.

"Umefanya kazi nzuri. Yule mama aachiwe."

"Na Devotha?"

"Kosa la lebo. Ofisi yake ipo, si hii. Watapima, watampa onyo, watampiga faini. Unga utaondolewa madukani."

"Mtoto amekufa, mkuu."

"Kwa kula mahindi na muhogo, Kunigunda. Nipe hakimu atakayemfunga mtu kwa kuuza mahindi na muhogo. Wakili wake atasimama aulize swali moja: mzazi alikatazwa kumpa mtoto samaki? Utajibu nini?"

Sampuli zilikwenda kwa mkemia, na majibu yangekuja yakijua kuja. Mama Devotha alilala kwake siku hiyo. Kiwandani mashine ya kushoto iliendelea kunguruma, maana chakula cha kuku hakikuwa na kosa lolote.

*

Walimtoa Tereza mahabusu mchana. Alipewa kitenge chake na kandambili, akasimama kaunta kama asiyejua mlango uko wapi. Kunigunda alimwita ofisini, akafunga mlango. Angeweza kumwambia kwa kifupi tu kwamba hana hatia. Lakini kesho angeyasikia mengine dukani, au kwa mama mkwe, na hilo aliliona baya zaidi. Akamwambia yote.

Tereza alisikiliza bila kukatiza. Alipomaliza, akauliza kwa sauti ya chini:

"Kwa hiyo ndani ya pakiti hamkuwa na samaki."

"Hamkuwa na kitu. Mahindi na muhogo."

"Wala maziwa."

"Wala maziwa."

"Na usipa wangu? Ule nilioupeleka kwenye lori?"

Kunigunda alikuwa ameomba asiulizwe hilo.

"Waliusaga ukawa chakula cha kuku."

Tereza alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kama mtu anayeelekezwa njia na kuikariri. Nje pikipiki ilipita. Alipozungumza tena sauti yake haikuwa na lawama, na hilo ndilo Kunigunda alilolibeba miaka mingi baadaye.

"Afande, si mngeniacha tu ndani. Walivyosema nimemnyima, mimi nilijua si kweli. Nilikuwa nimelishika hilo. Sasa mmeniletea ukweli, na ukweli ni kwamba nilimnyima."

"Ulidanganywa, Tereza."

"Nilidanganywa, ndiyo. Na chanja ilikuwa hapa," alinyoosha mkono pembeni, akaonyesha mahali pa karibu kabisa, hatua moja kutoka kwenye goti lake. "Nilikuwa nampakata huku nawageuza samaki."

Kunigunda alimimina maji kwenye kikombe, akamsogezea. Tereza hakuyanywa. Macho yake yalikuwa kwenye pakiti ya njano juu ya meza, ile ya ziada ambayo haikuandikishwa kuwa kielelezo.

"Naomba hiyo."

"Ya nini?"

"Hatukuwahi kumpiga picha. Tulisema akishatembea vizuri tutampeleka Mbamba Bay studio." Aliigusa pakiti kwa ncha ya kidole, palipokuwa na shavu la yule mtoto. "Mwishoni alifanana naye."

"Tereza, daktari alikueleza. Yale yalikuwa maji."

"Alinieleza. Lakini ndiyo sura niliyoizika."

Kunigunda aliinuka. Alimwaga unga wote kwenye pipa la taka, akakung'uta, akachukua mkasi wa ofisini na kukata pembezoni mwa picha: akaacha nje samaki, maziwa, soya na karanga, akaacha nje muhuri. Alibakiwa na uso tu, unaocheka, na meno mawili. Tereza aliupokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kushukuru, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake.

Salumu alikuwa ameshawasha gari kumrudisha Lipingo.